Tumwombee Afaulu?

Kuna maombi ambayo kanisa huyaomba bila kuyatafakari, na ombi la mtihani ni mojawapo. Kila mwaka mwezi wa Novemba unapokaribia, wazazi huleta majina ya watoto wa Kidato cha Nne, mzee wa kanisa huyasoma, nasi husimama tukamwomba Mungu wafaulu. Ni desturi njema. Lakini mtihani ni mlango, na mtu anayemwombea mwenzake afunguliwe mlango anapaswa kujua walau kidogo mlango huo unaingia wapi.

Tulilazimika kulifikiri jambo hili kwa sababu ya ombi lililotufikia kutoka mbali. Familia moja iliyotoka katika usharika wetu hapa Mpwapwa ilihamia Marekani miaka mingi iliyopita kwa ile bahati nasibu ya viza. Wazazi wamekwisha kupata uraia wa huko, na mtoto wao aliyeondoka hapa akiwa mdogo naye ni raia. Sasa amemaliza sekondari na anajiandaa kwa mtihani wa kuingia Jeshi la Majini la Marekani. Kazi anayoitaka ni kusomea uendeshaji wa vinu vya nyuklia, vile vinavyosukuma nyambizi na manowari kubwa za kubeba ndege. Baba yake aliandika ujumbe mfupi: tumwombee mtoto afaulu.

Ndugu wa familia hiyo waliobaki hapa hawakuwa na neno moja. Bibi yake alituuliza, "Baba Mchungaji, moto huo si ndio ule uliounguza miji ya Wajapani? Tumwombee mjukuu wangu akawe fundi wake?" Mjomba akamjibu, "Mama, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Na mtoto akipata, wadogo zake watasoma." Wote wawili ni Wakristo waaminifu, na wote wawili wanampenda kijana. Wazee wa kanisa na sisi wachungaji tukaona kwamba swali lao halistahili kujibiwa kwa haraka mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Haya ndiyo tuliyoyatafakari.

Mtihani wenyewe

Kila anayetaka kuandikishwa katika majeshi ya Marekani hufanya mtihani wa jumla wa kupima uwezo wake. Hupimwa maana ya maneno, ufahamu wa habari aliyoisoma, hesabu za mafumbo na hisabati, pamoja na mambo ya sayansi, umeme na mitambo. Alama zake ndizo zinazoonyesha kazi anazoweza kupewa. Wanaotaka vinu vya nyuklia hutakiwa kuwa na alama za juu sana, na yule ambaye alama zake zimepungua kidogo anaweza kupewa mtihani mwingine wa maswali 80 ya hisabati, fizikia na kemia. Lazima awe raia, na maisha yake hupekuliwa: habari zake kwa polisi, madeni yake, na kama amewahi kutumia dawa za kulevya. Akipita, mkataba wake kwa kawaida ni wa miaka sita. Hupelekwa Goose Creek, karibu na Charleston katika jimbo la South Carolina, akasome darasani, kisha ajifunze kwenye kinu halisi chini ya wakufunzi. Masomo hayo yote huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa kijana aliyejifunza kuhesabu kwa vijiti katika shule ya msingi ya hapa kwetu, kufika mlango huo tu ni jambo la kumshukuru Mungu. Hatutaki kulipita hili haraka. Wakati mwingine sisi watu wa kanisa huanza na hatari kabla ya kushukuru kwa zawadi. Akili inayoweza kuelewa jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka na kutoa joto, na joto likachemsha maji, na mvuke ukazungusha mtambo, ni zawadi ya Muumba. Kukesha juu ya vitabu vya hisabati kwa miezi mingi ni utii kwa zawadi hiyo.

Wala moto wenyewe si najisi. Sisi wafugaji tuna sababu ya kulijua hilo. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na ndorobo waliowaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Katika miaka ya 1990 wataalamu wetu, wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, waliwakuza ndorobo kule Tanga, wakawapiga madume mionzi ili wasiweze kuzaa, kisha wakawaachia kutoka angani kwa wingi. Majike waliopandwa na madume hao hawakuzaa, na kabla ya muongo ule kwisha Unguja ilitangazwa kuwa haina tena ndorobo. Kazi ile ilifanywa kwa sayansi ya nyuklia. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi, na miongoni mwao wamo watu wa sharika zetu. Nchi yetu ina Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo ina ofisi Arusha. Katika mkoa wetu huu wa Dodoma, wilaya ya Bahi imekuwa mahali pa kutafutia madini ya urani. Kwa hiyo swali la nyuklia si la wazungu wa mbali peke yao. Mtoto wa Bahi au wa Mpwapwa anaweza kulikuta akiwa nyumbani.

Danieli alikata shauri kwanza

Katika Biblia iko habari ya vijana walioandaliwa kwa mtihani wa dola kubwa isiyo ya kwao. Sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli inaeleza jinsi mfalme wa Babeli alivyochagua vijana wa Yuda wenye afya na akili, wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake awapime. Dola hiyo ndiyo iliyouzingira mji wao na kuvichukua vyombo vya hekalu. Hata hivyo Danieli na wenzake hawakukataa shule. Walisoma, tena wakawashinda wote.

Tunawaomba wasomaji waangalie mpangilio wa sura ile. Habari ya matokeo iko mwishoni, katika mstari wa 19 na wa 20. Habari ya dhamiri iko katika mstari wa 8. Danieli alikata shauri moyoni kwamba kuna jambo moja hatalifanya, naye alikata shauri hilo mwanzoni mwa masomo, kabla hajajua kama atakuwa wa kwanza au wa mwisho. Kama angengoja mpaka asimame mbele ya mfalme akiwa amevikwa nguo za heshima, kukata shauri kungekuwa kugumu mara kumi.

Na Bwana wetu, katika Luka 14, alitoa mifano miwili ya kuhesabu gharama: mtu anayetaka kujenga mnara, na mfalme anayekwenda vitani. Wote wawili waliambiwa waketi kwanza. Tuna desturi ya kuutumia mfano wa mnara wakati wa harambee ya jengo la kanisa, na ule wa vita tunauacha. Kijana anayejiandaa kwa jeshi anauhitaji ule wa pili kama ulivyo.

Neno letu kuu katika makala haya ni hili: maandalizi ya dhamiri ni sehemu ya maandalizi ya mtihani, na wakati wake ni kabla ya mtihani. Baada ya kiapo, mlango wa kurudi ni mwembamba sana. Tutaeleza mbele kwa nini ni hivyo.

Je, askari anaweza kuwa mtu wa Kristo?

Hapa sisi Walutheri tuna urithi wa kutusaidia. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima juu ya swali hili, kwa sababu askari mmoja aliyeitwa Assa von Kram alisumbuliwa na dhamiri yake akataka jibu. Luther hakumwambia aache kazi. Alitofautisha kazi na mtu anayeifanya: kazi ya kulinda wanyonge kwa upanga inaweza kuwa njema, na mtu mbaya anaweza kuichafua. Alifananisha kazi hiyo na ya tabibu anayekata mguu uliooza ili mwili upone. Anayetazama kwa nje huona ukatili, lakini kusudi ni kuokoa. Miaka minne baadaye Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, likakiri kwamba Mkristo anaweza kuwa askari na kupigana katika vita vya haki.

Lakini Luther hakuishia hapo, na wengi wetu tunaposoma huishia hapo. Alisema pia kwamba anayeanzisha vita bila haki ana hatia. Alisema kwamba askari anayejua kwa hakika kuwa mkuu wake anapigana vita visivyo vya haki hapaswi kumfuata, hata akipoteza mali na heshima, kwa maana imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kama mitume walivyosema katika Matendo 5. Kwa mafundisho ya Kilutheri, basi, askari hamkabidhi mkuu wake dhamiri pamoja na mkono.

Sisi wa Mpwapwa hatuhitaji kwenda Ujerumani kutafuta mifano. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi hapa mwaka 1889, na wazee wetu walikiona kile ambacho upanga hufanya ukitumiwa kutawala. Jirani zetu wa Kongwa, tangu miaka ya 1960, walikaa na wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini, waliokuwa wakijifunza vita katika kambi pale. Na mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, vijana wa nchi hii walikwenda, na makanisa yakawaombea bila kuona haya. Tunajua, basi, kwamba bunduki ileile inaweza kuwa ya mnyang'anyi au ya mlinzi. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, katika Luka 3, hakuwaambia wavue sare. Aliwaambia wasidhulumu watu.

Kama kijana wetu angekuwa anajiandaa kwa usaili wa Jeshi la Wananchi, au anakwenda JKT Makutupora, tungemwombea kwa moyo mweupe na kumkumbusha Luka 3. Bibi yake aliona jambo jingine zaidi, na ni lazima tumpe haki yake.

Pale ambapo mfano wa tabibu unakoma

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu moja liliangushwa Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine Nagasaki. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka ule watu wa Hiroshima wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Bomu la Nagasaki lililipuka karibu na Urakami, mtaa wa Wakristo wa Kikatoliki ambao mababu zao walishika imani kwa siri kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso. Kanisa lao kuu liliteketea na waumini waliokuwa ndani kwa ajili ya maungamo.

Tabibu wa Luther hukata mguu ili kuokoa mwili. Bomu la aina hii haliwezi kuutofautisha mguu na mwili. Haliwezi kumpata askari likamwacha mama mjamzito. Ndiyo maana tunaamini kwamba hoja ya vita vya haki, ambayo kanisa letu limeishika kwa karne tano, haiwezi kunyooshwa mpaka ifunike silaha hii. Hatusemi hivyo peke yetu. Nchi za Afrika zilikubaliana kulifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia kwa Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, na Tanzania imo. Mwaka 2019 nchi yetu ilitia saini pia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopiga marufuku silaha hizo.

Mjomba wa kijana atatujibu, na jibu lake ni la haki: anayeendesha kinu hagusi bomu. Kinu husukuma meli kama injini inavyosukuma basi. Manowari za kubeba ndege za Marekani zinaendeshwa kwa vinu hivyo, na nyambizi zake zote pia. Nyingi kati ya nyambizi hizo hazibebi makombora ya nyuklia. Lakini ziko 14 ambazo kazi yake hasa ni kuyabeba na kukaa nayo chini ya bahari, tayari kwa amri.

Basi je, dereva wa lori ana sehemu katika mzigo alioubeba? Hapa kwetu tungejibu bila kusita. Dereva anayebeba magogo yaliyoibwa msituni hawezi kusema kwamba yeye alishika usukani tu. Lakini pia hatuwezi kumlaumu fundi aliyetengeneza breki za lori hilo bila kujua litabeba nini. Kadiri mtu anavyojua mzigo, na kadiri kazi yake inavyohitajika ili mzigo ufike, ndivyo sehemu yake inavyokua. Mwendesha kinu katika nyambizi ya makombora anajua mzigo, na bila yeye nyambizi haiendi. Mwendesha kinu katika meli nyingine yuko mbali zaidi na jambo hilo, ingawa bado ni askari anayepaswa kujiuliza juu ya haki ya vita anavyotumwa.

Naamani, amiri wa jeshi la Shamu, baada ya kuponywa alimwambia Elisha jambo lililomsumbua: bwana wake huegemea mkono wake anapoingia katika nyumba ya Rimoni, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Nabii hakumpa sheria wala hakumlaani. Alimwambia aende kwa amani. Tunajifunza hapo kwamba Mungu humvumilia mtu aliyebanwa katika kazi yake. Lakini angalieni: Naamani alilitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Hakujifanya kwamba halipo.

Watu wawili waliopita mlango huo

Programu hiyo ya vinu ilijengwa na Hyman Rickover, mtoto wa Kiyahudi aliyezaliwa Poland na kuletwa Marekani akiwa mdogo, mhamiaji kama kijana wetu. Nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, ilianza safari mwaka 1955 kwa juhudi zake. Alikuwa akiwahoji mwenyewe maofisa walioomba kujiunga, na alikuwa mkali. Mmoja wao alikuwa Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais wa nchi ile. Carter alisimulia kwamba Rickover alimuuliza kama chuoni alijitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Kijana akakiri kwamba si mara zote. Rickover akamuuliza kwa nini, kisha akanyamaza. Swali hilo lilimfuata Carter maisha yake yote.

Mwezi wa Desemba 1952 kinu cha utafiti kiliharibika kule Chalk River, Kanada, na Carter akatumwa na kikosi chake kusaidia kukifungua. Walifanya mazoezi kwanza kwenye mfano wa kinu, kila mtu akijua atakaza au kulegeza nati ipi, kwa sababu ndani mtu aliweza kukaa sekunde 90 hivi tu kabla mionzi haijamzidi. Mtu huyo alikuwa Mbatisti aliyefundisha shule ya Jumapili mpaka uzee wake. Utumishi wake ulilinda watu wasidhurike, na hatuoni aibu kuutaja kanisani.

Lakini tumsikilize Rickover pia alipofika mwisho. Mwezi wa Januari 1982, akistaafu baada ya zaidi ya miaka 60 ya utumishi, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Aliulizwa juu ya meli alizozijenga. Alijibu kwamba hakujivunia sehemu yake katika jambo hilo, kwamba meli zile ni uovu uliolazimu, na kwamba kama ingewezekana angezizamisha zote. Hakuna aliyezijua kuliko yeye. Tunapomwombea kijana afaulu katika nyumba aliyoijenga mzee huyo, si vibaya kusikia mjenzi alivyoizungumzia alipokuwa akitoka.

Kwa nini ni kabla, wala si baada

Tulisema tungeeleza. Sheria za jeshi la Marekani zinamruhusu askari kuomba aachiliwe kwa sababu ya dhamiri, lakini kwa yule tu anayepinga vita vyote vya kila namna. Anayekubali kwamba kuna vita vya haki, lakini anakataa vita hivi au silaha hii, hana mlango huo. Na huyo ndiye Mkristo wa Kilutheri hasa! Mafundisho yetu yanamweka mahali ambapo sheria ile haimjui. Akitia saini kwanza na kufikiri baadaye, atajikuta kati ya kiapo na dhamiri, pasipo njia halali ya kutoka mpaka miaka yake iishe.

Kabla ya saini, mambo ni tofauti. Utumishi wa nyambizi katika jeshi lile ni wa kujitolea. Kijana anaweza kujua mapema kwamba upande huo hatauomba. Anaweza pia kuuliza maswali yake waziwazi kwa maofisa wa uandikishaji na kusikia majibu. Anaweza kuona kwamba elimu hiyo ya fizikia inaweza kumpeleka hospitalini au kwenye kituo cha umeme kwa njia nyingine. Au anaweza kuendelea akiwa amejua anachokifanya.

Kwa hiyo wazee walimwandikia kijana, wakamtakia heri, wakamuuliza maswali matatu. Kwanza: je, utakuwa mkweli katika kila karatasi utakayojaza? Pili: ukifaulu, je, utakubali kupelekwa kwenye nyambizi ya makombora? Tatu: usipofaulu, je, unajua kwamba jina lako litasomwa kanisani kwetu kwa upendo uleule? Alijibu la kwanza na la tatu siku ileile. Juu ya la pili aliandika kwamba anaomba muda. Tuliona hilo ni jibu la mtu anayejiandaa kweli.

Swali la kwanza halikuwa la kujazia nafasi. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba katika kituo kilekile cha mafunzo karibu na Charleston kulikuwa na udanganyifu katika mtihani wa kufuzu kazi ya kinu, tena miongoni mwa waliokwisha kubobea na kuwa wakufunzi, nao ulikuwa umeendelea kwa miaka. Zaidi ya watu 30 waliondolewa. Akili hawakukosa, maana wote walikuwa wamefaulu mitihani ile migumu ya kuingilia. Sisi nasi tunajua habari za mitihani iliyovuja na vyeti vya kughushi, na tunajua wazazi wanaomshukuru Mungu kanisani kwa matokeo ambayo Mungu hakuyaleta. Amri ya nane haina likizo siku ya mtihani.

Tuombeje, basi?

Tumejibu kwamba tutamwombea. Kumnyima kijana maombi kwa sababu kazi yake ina hatari ya roho ni kumwacha peke yake mahali anapohitaji kanisa zaidi. Lakini hatutaomba tu kwamba afaulu. Tutaomba akili yake itulie na ikumbuke iliyojifunza. Tutaomba aseme kweli, hata kama kweli itamgharimu nafasi. Tutaomba Mungu aufunge mlango huu kama ndani yake kuna jambo litakaloivunja dhamiri yake, na ampe moyo wa kuupokea mlango uliofungwa kama jibu. Mzazi anayeogopa kuomba hivyo ajiulize kama anamwombea mtoto au anauombea mshahara. Hatuudharau mshahara, wadogo zake kweli wanahitaji kusoma. Lakini mshahara usikae kwenye kiti cha Mungu wakati wa maombi.

Na kwa walimu wetu wa Kipaimara tunaomba jambo moja. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaeleza amri ya tano kwa pande mbili: tusimdhuru jirani katika mwili wake, tena tumsaidie katika mahitaji yake yote ya mwili. Watoto wetu huikariri vizuri na kuisema mbele ya usharika. Sasa wapewe na maswali ya kuijadili. Waulizwe kama mlinzi wa benki anaweza kufyatua risasi. Kama fundi anaweza kutengeneza bunduki ya mtu asiyemjua. Kama mwanafunzi aliyefaulu sana fizikia anaweza kusomea mionzi, na kwa kusudi gani. Wajadili wakiwa na miaka 14, wakiwa pamoja, wakiwa na mwalimu anayewapenda. Siku moja watakaa peke yao mbele ya karatasi ya kutia saini, na afisa atakuwa na haraka.